Jamani, Acheni Kulizamisha Waridi la Jangwani

Aka! Nani aliyewaambia kwamba mmea uliozoea kukaa juu ya mwamba, jua likiuchoma toka macheo hadi magharibi, ukiletwa mjini unataka kumwagiliwa asubuhi na jioni? Nauliza hapa hapa kijiweni, mbele ya kahawa na kashata, na nataka jibu la mtu mzima. Maana mtaa mzima sasa hivi una mawaridi ya jangwani vibarazani, na karibu kila kibaraza hadithi ni moja: chungu kizuri cha kauri kilichonunuliwa kwa pesa nyingi, ndani yake mmea umelegea, majani yamekuwa ya manjano, shina limekuwa laini. Mwenye mmea amesimama pembeni, kopo mkononi, anasema, "Sijui lina nini, mbona namwagilia kila siku?" Ndilo hilo hilo, dada yangu. Ugonjwa umeutaja mwenyewe.

Muuza kahawa wetu, mzee wa watu mwenye huruma, akanijibu kwa upole, "Mwanangu, kila chenye uhai kinataka maji." Sikatai, mzee wangu. Lakini kuna kiumbe kinachokunywa kutwa, na kuna kinachokunywa mara moja kikaweka akiba. Hilo pande nene la shina lililokaa juu ya udongo, ambalo watu wanaligombania kupiga nalo picha, ndilo ghala la maji la mmea wenyewe. Kule Tsavo, kule Mkomazi, kule kandokando ya Ziwa Eyasi, mvua ikinyesha mizizi inafyonza harakaharaka kabla maji hayajapotea kwenye mawe, na shina linajaa. Kiangazi kikiingia mmea unadondosha majani yake, kwa sababu jani ndilo linalopoteza maji, kisha unatulia. Miezi inapita. Nyasi zimekauka, vichaka vimebaki vijiti, halafu mti huo usio na jani hata moja unachanua maua ya waridi yenye koo jeupe, unaonekana ng'ambo ya bonde. Mmea wa namna hiyo ndio mnaoubembeleza kwa ndoo!

Sikilizeni, maana wengi hamjaelezwa. Mzizi nao unavuta pumzi. Katikati ya chembe za udongo kuna vijitundu vya hewa. Ukimwagilia, vijitundu vinajaa maji; udongo ukiwa mzuri, maji yanashuka na hewa inarudi mahali pake. Lakini ukimwagilia tena kesho kabla hayajashuka, na kesho kutwa tena, mzizi unakosa hewa unakufa, na uliokufa unaliwa na kuvu. Kuvu haiishii mzizini. Inapanda pole pole kuingia kwenye shina, ambako kuna nyama laini iliyojaa maji, na huko inastarehe. Wakati huo juu majani bado ni ya kijani, pengine ua limechanua na wageni wanasifia. Siku jani la kwanza linapogeuka manjano, chini kumeshaharibika kitambo. Na mwenye mmea anafanya nini? Anasema lina kiu, anaongeza maji. Hapo ndipo ninapopiga msonyo mpaka wacheza drafti wanainua vichwa.

Kijana mmoja wa bodaboda akaniuliza swali la maana, nami nimelipenda: "Sasa, mkubwa, nitajuaje kama lina kiu kweli au linaoza, ikiwa vyote viwili vinalegeza shina?" Kipimo chake ni kidole gumba. Libonyeze shina pande zote. Mmea wenye kiu hulegea sawasawa kuzunguka mwili mzima, ngozi yake inaweza hata kujikunja kidogo, lakini ndani bado unahisi ugumu. Ukiunywesha vizuri mara moja, baada ya siku chache unajaa tena. Mmea unaooza hulegea sehemu moja, mara nyingi upande wa chini karibu na udongo. Kidole kinazama, pengine majimaji ya kahawia yanatoka, na ukinusa kuna harufu ya uvundo. Wa kwanza upe maji. Wa pili ung'oe saa hiyo hiyo. Usisubiri Jumapili.

Na kuung'oa si kuuzika. Kuna watu wanatupa jalalani mmea ambao ungepona kabisa. Toa udongo wote, osha mizizi, kisha chukua kisu kikali ulichokisafisha kwa spiriti. Kata kila kilichokuwa cha kahawia au cheusi. Usionee huruma, endelea kukata hadi ukutane na nyama nyeupe safi isiyo na doa, maana ukiacha kijidoa kimoja, kazi yote imekuwa bure. Baada ya kila mkato futa kisu, usije ukapeleka uozo kwenye sehemu nzima. Ukimaliza, jeraha lipake unga wa salfa, ule wanaonyunyizia mikorosho. Kisha weka mmea kivulini penye upepo. Juma zima, hata zaidi, bila udongo, bila tone la maji. Watu wakifika hapa roho zinawauma; wanaona wanautesa. Hapana! Ghala lake linaulisha. Jeraha likikauka likawa gumu, ndipo unaupanda kwenye mchanganyiko mkavu, na maji ya kwanza yanangoja siku kadhaa nyingine. Mizizi mipya itatoka. Mmea huu una moyo wa kuishi kuliko tunavyoupa nafasi.

Tuje kwenye udongo, maana nusu ya vifo vinaanzia hapo. Mnanunua ule udongo mweusi wa viroba, mzuri kwa mchicha, mzuri kwa mawaridi ya kawaida, mnaujaza chungu kizima mkiushindilia kwa ngumi. Khaa! Udongo ule unashika maji siku nyingi. Waridi la jangwani linataka kitu kinachopitisha maji papo hapo: mchanga mnene wa mtoni, kokoto zile ndogo kabisa au vipande vya matofali vilivyopondwa, pumba za mpunga zilizochomwa zikawa mkaa, na samadi iliyooza vizuri lakini iwe kidogo, sehemu ndogo kuliko vyote. Wanaokaa pwani, msichote mchanga wa ufukweni; una chumvi. Jaribu mchanganyiko wako kabla ya kupanda: mwaga maji juu, ukiona yanatuama hata kwa muda mfupi badala ya kuzama, ongeza kokoto.

Na chungu kiwe na tundu chini. Kwa nini jambo hili linahitaji mjadala mimi sielewi, lakini mnanunua vile vyungu vya kung'aa visivyo na tundu kwa kuwa vinafanana na rangi ya makochi. Toboa, au acha. Vilevile vile visahani mnavyoweka chini ili sakafu isilowe visituamishe maji: mwagilia nje kisha subiri maji yaishe kudondoka ndipo urudishe ndani. Chungu kipana kisicho na kina kirefu kinafaa kuliko kirefu, kwa sababu kinakauka mapema na kinaliacha shina linenepe kwa upana.

Basi nimwagilie lini? Ndivyo mnavyouliza kila mara, mnataka niwape ratiba kama ya dozi ya hospitali. Hakuna ratiba. Ingiza kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, ondoka. Ukikuta pakavu kabisa, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha usahau. Wakati wa joto kali, mmea ukiwa na majani tele na chungu kikiwa juani, utajikuta unamwagilia mara mbili hata tatu kwa wiki, na hilo si kosa, mmea huu ukiwa unakua unakunywa kweli. Masika ikiingia, mvua za Machi hadi Mei zile zinazofululiza Dar na Tanga na Mombasa, usimwagilie kabisa, na vyungu uvisogeze chini ya kipenu. Miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, punguza sana. Na kwa ndugu zetu wa Arusha, Mbeya, Njombe na Nairobi, nawaambia kwa msisitizo: baridi na maji vikikutana kwenye chungu, mmea umekwisha. Joto likishuka karibu na nyuzi 10 za Selsiasi, uingize ndani usiku na uuache mkavu.

Kwenye baridi hiyo majani yatadondoka, na hapo balaa lingine linaanza. Mama mmoja jirani yetu, Mungu amweke, aliona mmea wake umebaki mtupu akamwita kijana wa taka autupe. Bahati nzuri nilikuwa napita. Nikamwambia, mama, bonyeza shina. Gumu? Gumu. Basi umelala. Mmea uliolala ukiukwangua ganda kidogo kwa ukucha, chini yake unaona kijani. Mti wa namna hiyo umeamua wenyewe kupumzika, na maua mazuri kuliko yote ya mwaka huja baada ya mapumziko hayo. Usiuamshe kwa maji. Jua la Septemba litauamsha.

Jua, sasa. Sielewi mapenzi haya ya kuweka waridi la jangwani juu ya meza ya televisheni. Linataka jua la moja kwa moja, saa sita kwa siku au zaidi. Ndani ya nyumba matawi yanarefuka yakiwa membamba, yanainama kutafuta dirisha, majani yanakuwa makubwa na mepesi, maua hakuna. Ua moja halitoki kwa miaka, halafu mnasema muuzaji aliwadanganya. Weka nje! Kibarazani, juu ya ukuta, kwenye ngazi, kwenye paa la zege kama unaishi ghorofani. Ila ukiutoa ndani ambako umekaa muda mrefu, usiupeleke juani kwa siku moja. Ngozi ya shina inababuka. Uanze na jua la asubuhi juma moja au mawili.

Lipo jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi, nami nalisema kwa sauti ili akina mama wenye watoto wadogo wasikie. Utomvu wa mmea huu ni sumu. Sumu yenyewe, wala si ya kuwasha ngozi tu. Ndani yake kuna glikosidi zinazovuruga mapigo ya moyo. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanaujua vizuri kuliko sisi sote: wanauchemsha utomvu wake mpaka unakuwa ujiuji mweusi mzito, wanapaka kwenye vyembe vya mishale, na kwa mishale hiyo wanaangusha wanyama wakubwa. Wakati sisi tunauona pambo, wenzetu wameujua kama silaha ya kuwatafutia familia chakula, kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo ukikata tawi, osha mikono kwa sabuni kabla hujagusa jicho au tonge. Kisu hicho kisirudi jikoni. Mtoto anayetambaa asiachwe karibu na jani lililodondoka, na mbuzi wa jirani asifikie chungu. Mtoto akitafuna, usimpe maziwa ukakaa kusubiri. Mkimbize hospitali, na uchukue kipande cha mmea ili daktari aone alichokula.

Mmea wenyewe una historia ambayo sisi watu wa pwani tunapaswa kuisikia kwa karibu. Mwaka 1761 msafara ulitumwa na mfalme wa Denmark kwenda Uarabuni, watu sita, na mmoja wao alikuwa Peter Forsskål, mwanafunzi wa yule bingwa wa mimea wa Uswidi, Linnaeus. Alizunguka milima ya Yemeni akikusanya na kuandika, mimea na majina yake kama wenyeji walivyomtajia. Mwezi wa Julai mwaka 1763 malaria ilimuua huko huko Yemeni, akiwa na miaka 31. Wenzake nao waliisha mmoja baada ya mmoja, akabaki Carsten Niebuhr peke yake, ndiye aliyerudi na karatasi za marehemu na kuzichapa mwaka 1775. Waridi la jangwani limo ndani ya kitabu hicho, limeelezwa kisayansi kwa mara ya kwanza. Linamea mpaka leo kwenye milima ile ya Yemeni na Dhofar ya Omani, nchi ambako wazee wetu wa Zanzibar na Lamu wana ndugu, na kisiwani Sokotra, njiani mwa majahazi ya kaskazi, lina aina inayokuwa mti kamili wenye shina nene kuliko pipa. Upande huu wetu limeshuka kuanzia Somalia hadi Kenya na Tanzania. Kwa hiyo huu si mmea wa kigeni uliokuja na kontena. Ni wa kwetu.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mengine yote niliyoyasema ni ujinga unaofundishika. Hili ni dhambi.

Kuna wachuuzi wanapita na mashina makubwa yaliyong'olewa porini. Utaliona, pande la shina kubwa kupita mikono miwili, limejikunja vizuri, gome la kijivu lenye makovu, na chini mizizi imekatwa kwa panga ili iingie kwenye kiroba. Wateja wanakimbilia hayo, kwa sababu mche wa mbegu unaonekana mdogo na shina la porini linaonekana limekamilika. Khaa, jamani! Mti ule umechukua miaka mingi sana kufika ukubwa huo, juu ya jiwe, bila mtu wa kuutazama. Swala wameupita, wadudu wameufuata kiangazi wakati maua mengine ni haba, mbegu zake zimepeperuka kwenda kwenye nyufa za mawe mengine. Anakuja mtu na sururu, asubuhi moja, yamekwisha.

Na hata huyo anayeununua haupati. Ile mizizi myembamba inayofyonza maji imebaki porini. Kilicholetwa mjini ni ghala lisilo na mfereji. Kwa miezi kadhaa shina linaishi kwa akiba yake, linatoa majani, linatoa hata maua, na mnunuzi anafurahi, anamwita jirani aje aone. Pesa ya mchuuzi imeshaliwa. Halafu majeraha yale ya panga, yaliyofukiwa mabichi kwenye udongo wa kiroba na kumwagiliwa kila siku, yanaoza kwa ndani, na siku moja shina linaanguka lenyewe. Nimeona yakitupwa. Mti wa kale, umekufa kibarazani kwa ajili ya mapambo ya msimu mmoja.

Kaka mmoja hapa kijiweni akapinga: "Mchuuzi naye ana watoto, ale wapi?" Swali la haki, na silipuuzi. Namjibu hivi. Waangalieni Wathailand. Mmea huu haukuzaliwa kwao, ulipelekwa tu. Lakini leo Thailand, pamoja na Taiwan na India, ndizo zinazouza mbegu na miche ya waridi la jangwani duniani kote: yenye petali zilizorundikana safu mbili na tatu, yenye rangi ya zambarau iliyokolea karibu na weusi, ya njano, yenye mistari. Hawakwenda kuchimba mlima. Walichukua mbegu, wakachavusha kwa mikono, wakachagua, wakapanda tena, wakaunganisha tawi la aina nzuri juu ya shina la mche wa kawaida. Kazi hiyo inalisha familia mwaka baada ya mwaka, na shamba haliishi. Sisi tuliokalia asili yake tunang'oa mama mzazi, kisha tunanunua wajukuu zake kutoka Bangkok. Msinichoshe!

Yule kijana wa kitalu cha kando ya barabara, mwenye vyungu chini ya mwembe, ameshalielewa hilo. Anakusanya mbegu, anaotesha kwenye trei za mayai na makopo ya rangi yaliyokatwa, na miche yake inauzika kwa sababu inaishi. Mimi natamani kila mchuuzi wa mashina akakae naye siku moja.

Kuotesha kwenyewe hakuna uchawi. Ua likishika, mmea hutoa vitumba vya mbegu viwili viwili vilivyotazamana kama pembe za mbuzi. Vikikomaa vinapasuka, na kila mbegu ina manyoya ya hariri ncha zote mbili, upepo ukija zinaruka zote. Kwa hiyo kitumba kikianza kubadilika rangi, kifunge kwa uzi au kipande cha chandarua. Kwenye vyungu vya mjini maua mengi hayashiki kwa sababu chavua imefichwa ndani kabisa, nyuma ya koni ndogo, na mdudu anayefaa hayupo. Tena mti mmoja kwa kawaida haujichavushi wenyewe. Wanaotaka mbegu huchukua maua kutoka miti miwili tofauti, huchana mfereji wa ua kwa uangalifu, na kwa unyoya mwembamba au ncha ya uzi wa nailoni wa kuvulia samaki huhamisha chavua kutoka huku kwenda kule. Inahitaji utulivu wa mkono na macho mazuri, na ni kazi inayowafaa sana wazee wetu waliostaafu wanaosema hawana la kufanya.

Mbegu ikiwa mbichi, ilaze ubavu juu ya mchanga laini uliochanganywa na mkaa wa pumba, ifunike kidogo tu, weka mahali pa joto, nyunyizia udongo usikauke kabisa. Hapa pekee ndipo ninaporuhusu maji ya mara kwa mara, maana mche mchanga bado hauna ghala. Kwa joto la pwani, ndani ya wiki moja hivi unachipua, na ndani ya wiki chache tu unaona kitako chake kimeanza kuvimba. Kinakuja chenyewe. Tawi lililochomekwa linaishi pia, lakini halitoi umbo lile nene kwa urahisi, ndiyo maana wajuzi wanapenda mbegu. Ukipata jua la kutosha, mche wa mbegu unaweza kutoa ua la kwanza katika mwaka mmoja au mwaka na nusu. Kila unapohamisha chungu, inua shina kidogo juu ya udongo, mizizi minene ya juu ionekane. Hivyo ndivyo umbo linavyojengwa, kwa miaka, mbele ya macho yako, ukalijua kila kovu limetokana na nini.

Kupogoa kunawaogopesha watu bila sababu. Maua hutoka kwenye ncha za matawi, kwa hiyo tawi moja refu ni shada moja, na tawi lililokatwa likatoa machipukizi matatu ni mashada matatu. Kata mwanzoni mwa msimu wa joto, wala si wakati wa baridi au mvua. Mbolea ya kukuzia mahindi iacheni, inatoa majani matupu na kulegeza shina. Tafuta yenye potashi zaidi, kidogo, wakati mmea unakua tu.

Wadudu? Wapo. Vidukari vya njano kwenye vitumba vya maua, vidung'ata vyeupe kama pamba kwenye vikwapa vya matawi, na utitiri unaofanya majani yawe kama yamepauka vumbi. Maji ya sabuni kwa bomba la kunyunyizia, jioni, kisha suuza, mara nyingi yanatosha ukiwahi. Ila yuko kiwavi mmoja mkubwa wa kijani, karibu na kichwa ana madoa mawili ya bluu kama macho, anaweza kumaliza majani ya mmea kwa usiku mmoja. Huyo mwokote kwa mkono. Majani yatarudi.

Nilishasema hata Ramadhani iliyopita, nasema tena leo mbele ya watu wale wale. Ukikutana na mchuuzi amebeba shina kuukuu lenye mizizi iliyokatwa kwa panga, usinunue, hata akikupunguzia nusu kwa nusu. Mwambie sababu kwa adabu, mwelekeze kwenye kitalu cha mbegu. Na wewe mwenye mmea uliochanua, kitumba kikikomaa kifunge uzi, mbegu ugawe kwa majirani wenye nafasi ya jua. Hizo ndizo zioteshwe. Yale ya Mkomazi na Eyasi yaachwe yalipo.